Swali la lugha: usalama wa raia au usalama wa binadamu?

SWALI: Ninatafsiri ripoti ya maendeleo ya kimataifa. Nimeandika "usalama wa binadamu", lakini mwenzangu anataka "usalama wa raia". Lipi sahihi? Na usalama unaingiaje katika ripoti ya visima na zahanati?

JIBU: Usibadilishe. Raia ni mtu wa nchi fulani. Mkimbizi aliye ugenini, au mtu asiyetambuliwa na nchi yoyote, anaachwa nje ya neno hilo, naye ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote. Tena "usalama wa raia" tumeshauzoea kama kazi ya polisi.

Swali lako la pili ndilo zito. Dhana ya usalama wa binadamu ilipata nguvu kupitia Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya mwaka 1994, iliyotolewa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, chini ya uongozi wa Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, na ripoti ikasema wazi kwamba mipaka ya nchi yaweza kuwa shwari huku waliomo ndani wakiangamia kwa njaa na maradhi. Ikataja nyanja saba za usalama huo: uchumi, chakula, afya, mazingira, nafsi ya mtu, jamii na siasa. Kwa mtazamo huo haitoshi kuuliza pato limepanda kiasi gani. Ukame ukija, au kazi ikikatika, mtu atashika nini asianguke? Ndiyo maana kisima na zahanati ni habari za usalama.

Katika nyanja ya chakula, nakushauri uandike "uhakika wa chakula". "Usalama wa chakula" wengi watauelewa kuwa chakula kisicho na sumu wala vijidudu, na hilo ni jambo jingine.

Chunga pia vitenzi, maana hapo ndipo tafsiri nyingi huharibika. Tume ya Usalama wa Binadamu, iliyoongozwa na Sadako Ogata, aliyewahi kuwa mkuu wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na Amartya Sen, mchumi wa India, ilitoa ripoti yake mwaka 2003 na kuweka mambo mawili bega kwa bega: kuwalinda watu na kuwawezesha. Ukijaza "kulinda" kila aya, wanakijiji wa ripoti yako watasomeka kama watu waliokaa wakingoja kuokolewa. Andika pia "kujikinga", "kujitetea", "kujiamulia", popote matini asilia inapokuruhusu.