Mtunzi Akija Darasani, Mwulize Kuhusu Pumziko

Mtunzi wa muziki alipokuja kutufundisha sisi wanafunzi wa tamthilia za muziki kwa siku tatu, nilikuwa na umri wa miaka 19 na nilikuwa nimejiandaa vibaya kwa bidii kubwa. Wiki mbili nzima nilikuwa nikiupamba wimbo wangu kama bibi harusi: mtetemo wa sauti hapa, kupanda kusikoandikwa pale, na noti ya mwisho niliivuta mpaka mpiga piano akageuka kuangalia kama bado nipo. Nilitaka anisikie. Cha kumwuliza sikuwa nacho.

Sikufika hata katikati ya ubeti wa kwanza. Aliinua mkono, akashika karatasi yake na kuniuliza, "Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna pumziko la mapigo mawili. Unafanya nini hapo?"

Nikasema, "Nasubiri, Mwalimu."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. "Wewe unasubiri. Huyu msichana wa kwenye wimbo ametoka kuambiwa sasa hivi kwamba mama yake amemficha ukweli tangu azaliwe. Na yeye anasubiri?"

Dakika 20 zilizofuata sikuimba noti hata moja. Tulikaa palepale kwenye mapigo mawili. Akanitaka nivute pumzi kama mtu anayetaka kubisha, kisha maneno yanikatalie. Halafu akamwambia mpiga piano apige sehemu ile peke yake, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Mimi nikiwa kimya, piano haikuwa kimya. Mkono wa kushoto ulikuwa unaendelea kudunda, haraka kidogo kuliko mwanzo. Nilikuwa nimeuimba wimbo ule mara zisizohesabika na sikuwa nimewahi kusikia kinachoendelea chini ya ukimya wangu.

Siku hizi nami nafundisha vijana wa tamthilia za muziki, na kila tukitarajia mgeni wa aina hiyo nawaambia jambo lilelile: kaeni na karatasi ya wimbo bila kuimba. Chukua penseli. Zungushia kila pumziko. Weka alama pale sauti inaporuka ghafla kwenda juu, pale neno moja linaporudiwa, pale mdundo unapoacha kufanana na mazungumzo ya kawaida. Kisha soma maneno kwa sauti kama unamwambia mtu aliyekaa mbele yako, uone ni neno gani limepewa noti ndefu kuliko yote. Chukua mstari kama "siku moja nitarudi". Noti ndefu ikikaa kwenye "moja", mtu huyo hajui ni lini. Ikikaa kwenye "nitarudi", ameshaamua. Mtunzi alichagua. Kama huoni kwa nini alichagua hivyo, hilo ndilo swali la kumpelekea.

Wanaotunga au kuimba kwa Kiswahili wana kazi ya ziada hapa. Mkazo wetu, kwa kawaida, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo usipoheshimu hilo sikio hukataa hata kama msikilizaji hajui sababu. Barabara ya kupita watu na barabara ya kumaanisha sawasawa zinaandikwa kwa herufi zilezile. Kinachozitenganisha ni mkazo. Mkazo ukihama, mhusika aliyetaka kusema "sawasawa kabisa" anajikuta anataja njia. Nimewahi kukaa kwenye mazoezi tukibishana nusu saa juu ya silabi moja, na haikuwa nusu saa ya kupoteza.

Siku ya pili ilikuwa ya mwenzetu mmoja mwenye sauti nzito ya kupendeza lakini pumzi fupi. Alianza kwa kuomba radhi. Mtunzi alimsikiliza, akamwambia mpiga piano ashushe wimbo kwa toni moja, kisha akachukua penseli na kuukata mstari mrefu vipande viwili. Yule kijana alishangaa: kumbe wimbo unaweza kumfuata mwimbaji! Unaweza, na kwenye fani hii jambo hilo lina historia. Stephen Sondheim, mtunzi wa Marekani wa maonyesho ya muziki, aliandika "Send in the Clowns" mazoezi ya onyesho lake la mwaka 1973 yakiwa yanaendelea, akimwandikia Glynis Johns, mwigizaji ambaye sauti yake ilikuwa tamu lakini haikuweza kushikilia noti kwa muda mrefu. Ndiyo maana mistari ya wimbo ule ni mifupi, mingi yake maswali. Kwa hiyo usiufiche udhaifu wa sauti yako mbele ya mtunzi. Mwimbaji mwenzako anaweza kukucheka. Mtunzi anaanza kupiga hesabu.

Swali jingine ambalo halijawahi kuniangusha: "Ni wimbo gani ulikatwa?" Kila onyesho la muziki lina makaburi yake, na watunzi wengi hupenda kuyatembelea wakiulizwa kwa adabu. Vichekesho vya Sondheim vya mwaka 1962, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, vilikuwa vikisuasua kwenye maonyesho ya majaribio Washington. Jerome Robbins, mwongozaji na mbunifu wa dansi za jukwaani, akaitwa kuangalia, akaona kasoro iko kwenye wimbo wa kufungulia: haukuwaambia watazamaji kwamba wamekuja kucheka. Ukaandikwa mwingine, "Comedy Tonight", na onyesho likasimama imara. Mgeni wetu naye alitupigia wimbo wake uliokatwa. Ulikuwa mzuri kuliko nyimbo mbili zilizobaki, kwa maoni yangu. Alisema aliukata kwa sababu mhusika alikuwa anatuambia jambo ambalo tayari tumeliona kwa macho.

Kuhusu mpiga piano nitasema kwa kifupi, maana wanafunzi wengi humsahau kabisa. Mpe kurasa zilizobandikwa vizuri, zisizojikunja, na mahali ulipokata paonekane wazi. Kasi mwonyeshe kwa kumwimbia mstari mmoja kwa sauti ya chini. Usimpigie vidole kama unaita mbwa.

Kisha kuna kukosolewa. Mwenzetu mmoja alileta wimbo alioutunga mwenyewe, na mtunzi akautenganisha mstari kwa mstari mbele yetu sote. Alitoka nje analia. Sikumlaumu wakati ule, ingawa sasa naona sisi tuliosifiwa kwa upole ndio tuliopunjwa. Sondheim akiwa kijana wa miaka kama 15 alimpelekea Oscar Hammerstein, mwandishi wa maneno ya nyimbo na jirani wa familia yao, onyesho aliloandika shuleni, akimwomba alisome kana kwamba hamjui mwandishi. Hammerstein akamwambia ni kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kusoma, halafu akakaa naye mchana mzima akimweleza kwa nini. Mwaka 1990 Sondheim mwenyewe alikwenda Oxford kama profesa mgeni, kufanya kazi na waandishi chipukizi. Mtu asiyekuona una maana hawezi kukupa mchana wake. Ila ukiona machozi yanakaribia, andika tu. Andika kila neno bila kujibu, utabishana na daftari jioni.

Na uombe ruhusa kabla ya kurekodi. Mara nyingi mtunzi atapiga kitu ambacho bado hakijatoka, na kipande cha sekunde 30 kikizunguka mitandaoni kinaweza kumharibia kazi ya miaka.

Kosa langu la mwisho nililifanya baada ya yeye kuondoka. Ndani ya wiki moja tu nilimtumia rekodi tano za kuimba kwangu. Hakujibu, na nilinuna. Miezi kadhaa baadaye nilikuwa najifunza wimbo wake mwingine, na kwenye baa ya 41 (kipande kimoja cha mapigo kwenye karatasi ya muziki, si ile ya vinywaji) noti yangu ilikuwa ikigombana na piano vibaya sana. Nilikuwa nimeshajifunza kuuliza kwa nini. Nikakaa nayo majuma mawili. Nikaamua kwamba mhusika yuko vitani na dunia, kwamba ugomvi ule wa noti ni dhamiri yake. Hata nikaandika ukurasa mzima juu ya hilo. Nikamtumia swali moja: kwa nini pale?

Alijibu siku ileile. "Kosa la uchapaji. Imba noti ya chini yake."