Tiketi ya Philadelphia mpeni mwingine

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ukipewa tiketi ya bure kwenda mahali palipopigwa filamu ya michezo unayoipenda kuliko zote, utakwenda wapi, na ukifika utafanya nini?" Chini yake mmeweka picha ya vijana watatu wa kiume juu ya ngazi za jumba la sanaa la Philadelphia, ngumi hewani, meno yote nje.

Nitajibu, ila si hilo hasa. Kinachonikera ni kwamba mtu mzima avuke bahari kwenda kupanda ngazi, halafu tumshangilie. Ngazi hizo sisi watoto wa Iringa tulishazipanda bila viza.

Filamu yenyewe ni Rocky, ya mwaka 1976. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana: bondia wa mtaani asiye na mbele wala nyuma anapewa nafasi ya kuzichapa na bingwa wa dunia. Anajifua mitaani, na kilele cha mazoezi yake ni kupanda mbio ngazi 72 za Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Philadelphia na kunyanyua mikono juu. Sylvester Stallone aliiandika na kuicheza, John G. Avildsen akaiongoza. Ilipigwa kwa siku 28, kwa bajeti ya kama dola milioni moja, na mwaka 1977 ikabeba Oscar ya filamu bora.

Sasa nisikilizeni. Pambano la mwisho, lile ambalo mji mzima unaonekana umejaa ukumbini, halikupigwa Philadelphia. Lilipigwa Los Angeles, ng'ambo ya pili ya Marekani. Ndani ya jimu ya yule kocha mzee, Los Angeles vilevile. Na ile filamu ya nne ya Rocky, ya mwaka 1985, Rocky anapotimua theluji ya Urusi na kupanda mlima na ndevu zake, Urusi hiyo ni Wyoming, hukohuko Marekani. Mtu anayesema anakwenda palipopigwa filamu anakwenda wapi hasa?

Halafu kuna sanamu. Ilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya tatu, ya mwaka 1982. Wakazozana wee kama ile ni sanaa au ni pambo la sinema, ikahamishwa, na mwaka 2006 ikarudishwa karibu na ngazi, na watu wanapanga foleni kupiga nayo picha. Wakati huohuo mji huo ulikuwa na Joe Frazier, bondia wa kweli, aliyempiga Muhammad Ali mwaka 1971. Frazier alifanya kazi machinjioni Philadelphia, na alieleza mwenyewe kwamba zile nyama zilizotundikwa ambazo Rocky anazipiga ngumi kwenye mazoezi, alikuwa akizitwanga yeye kabla hazijaonekana kwenye filamu yoyote. Alifariki mwaka 2011. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2015. Mtu wa kutungwa kapata shaba yake miaka zaidi ya thelathini kabla ya mtu aliyetoka damu puani kweli. Kwetu hapa ni watoto wangapi wanaomjua Titus Simba, aliyeleta medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970? Rocky wanamjua.

Nilikusudia kuishia hapo, barua fupi yenye hasira. Ila picha yenu imenirudisha Mlandege, mtaa niliokulia Iringa, na kutoka Mlandege si rahisi.

Wakati huo Bara hatukuwa na televisheni. Ilikuja mwaka 1994. Tulichokuwa nacho ni deki. Kibanda cha video cha mtaani kwetu kilikuwa uani kwa mzee mmoja, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya kijivu, benchi za mbele za watoto, za nyuma za wakubwa na sigara zao. Pembeni ya seti alisimama mtafsiri. Kiingereza chake kilikuwa na mipaka, na kilipoishia alitunga, kwa hiyo Rocky wetu alikuwa anaongea kama kondakta wa basi la Mafinga. Wasichana hatukutakiwa mle ndani. Niliingia kwa sababu kaka alimwambia mtu wa mlangoni, "Huyu ananishikia sweta."

Mkanda ulikuwa umechoka. Kila baada ya muda picha inajaa mistari, mwenye deki anautoa, anafuta kichwa kwa kitambaa chenye spiriti, anaurudisha, watu wanapiga makofi. Tukafika hivyohivyo hadi pambano. Raundi ya kumi na nne Rocky analambishwa sakafu, anajikongoja kwenye kamba, anasimama, na umeme ukakatika.

Tulikaa gizani muda mrefu. Haukurudi. Hela haikurudi pia. Njia nzima kaka alikuwa anahubiri kwamba Rocky kashinda. "Utainukaje baada ya kupigwa vile halafu ushindwe?" Hakuna aliyembishia, alikuwa na mkono mwepesi. Kumbe Rocky alishindwa kwa pointi, kila mtu duniani anajua, lakini mtaa wetu ulikaa na ushindi wake muda mrefu kabisa, na mazoezi yote ninayotaka kuyaeleza yalifanywa kwa imani hiyo.

Ilikuwa mwezi wa sita. Anayeijua Iringa ya mwezi wa sita, saa kumi na moja alfajiri, hahitaji maelezo. Wengine wawaulize ndugu zao wa Njombe. Rocky anaanza siku kwa kupasulia mayai matano kwenye glasi na kuyabugia mabichi. Kwetu mayai yalikuwa mahali pamoja tu, chini ya kuku wa mama aliyekuwa anaatamia ndani ya tenga jikoni. Kaka akamwinua kuku kwa mkono mmoja, akachomoa matatu. La kwanza alilipasulia kwenye kikombe cha bati, likaonekana salama, akalinywa, akafumba macho, akatikisa kichwa kama aliyeonja kwinini. La pili lilikuwa na kifaranga. Nililiona mwenyewe kwa mwanga wa koroboi: mishipa myekundu, na jicho, jicho kubwa jeusi kwenye kitu ambacho bado hakina kichwa cha maana. Kaka alilitazama, akatoka nje, akalimwaga nyuma ya choo. Aliporudi akasema kule Philadelphia wanatumia kuku wa kisasa. La tatu akalirudisha kwa kuku, polepole, kama mtu anayerudisha hela ya sadaka.

Tukatoka. Yeye na suruali ya shule ya kijivu ya mtu mwingine, ili afanane na Rocky, na raba zilizofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mimi na kandambili, sweta lake begani, na saa ya baba ambayo baba hakujua kama imetoka. Mkanda wake ulinizidi mkono, nikaivaa juu ya kiwiko. Tukapita Miomboni, tukapanda uzunguni Gangilonga, nyumba za wakubwa zenye ua wa michongoma, mbwa wanatubwekea kutoka geti hadi geti. Lengo lilikuwa jiwe la Gangilonga. Wazee husema Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa akija pale kutafakari mambo yake, na vijana wa Iringa wamekuwa wakilipanda tangu kabla hatujazaliwa. Kazi yangu ilikuwa kutangulia juu na saa, nimhesabie dakika.

Alipofika kwenye kichaka chini ya mawe, yai likaamua kutoka. Nikamsikia nyuma yangu. Nikasimama. Akanipungia mkono niendelee, hataki nione. Nikaendelea. Kandambili zilikuwa zinateleza kwa umande, nikazivua nikazishika mkononi, nikapanda peku kwenye jiwe la baridi, nikafika.

Mji wote chini ulikuwa kwenye ukungu, paa moja moja linajitokeza, moshi wa majiko umesimama wima, na upande wa Ipogoro anga limeanza kuwa na rangi. Sikuwa na pumzi. Sikujua cha kufanya na mikono, nikafanya kile nilichokiona kwenye video: nikainyanyua. Saa ya baba ikateremka hadi kwapani.

Kaka akatokea, ananikuta hivyo. Akasema, "Shuka." Nikashuka hadi chini ya jiwe, na yeye akashuka, ili apande upya mimi nikimtazama. Akapanda. Akanyanyua mikono. Akauliza dakika ngapi, nikamtajia dakika za kumfurahisha. Jioni mama akamhesabia kuku mayai, na kaka akachota maji peke yake hadi vifaranga walipototolewa. Lakini mtaani alishaitwa Roki. Mimi nikawa dada yake Roki, na mpaka leo wapo wateja wangu dukani Kihesa wanaoniita hivyo bila kujua limetoka wapi.

Sasa sikieni nilichokuja kukisoma baadaye, ndicho kilichofanya nishike kalamu. Kulikuwa na jamaa wa Philadelphia anaitwa Garrett Brown, aliyebuni kifaa cha kumvalisha mpiga picha ili kamera isitikisike hata akikimbia. Kabla ya Rocky alirekodi filamu fupi ya kukionyesha kifaa hicho. Akamchukua mpenzi wake, Ellen, akamwambia akimbie kwenye ngazi za jumba la sanaa, kushuka na kupanda, naye akamfuata na kamera. Avildsen alipoiona akataka kujua ngazi zile ziko wapi. Zikaingia kwenye Rocky kwa njia hiyo, na kifaa kikatumika humohumo. Maana yake aliyetangulia kukimbia kwenye ngazi hizo mbele ya kamera ile ni dada mmoja, kabla ya Stallone, kabla ya sanamu, kabla ya hao vijana wenu watatu. Hamkuweka picha yake.

Kuna jambo jingine linalonivuruga msimamo. Nimewahi kupeleka wageni Kalenga, kwenye makumbusho. Mnajua kilichomo: fuvu la Mkwawa, alilolirudisha Gavana Twining wa Tanganyika kutoka Bremen, Ujerumani, mwaka 1954. Huko Bremen lilichaguliwa kati ya mafuvu mengi kwa kupima vichwa, vipimo vikalinganishwa na vya ndugu zake. Wapo wasomi wanaouliza kama kweli ndilo, na si swali la kijinga. Lakini sijaona mgeni anayesimama mbele ya kile kioo akauliza cheti. Wanavua kofia. Mzee mmoja wa Kihehe niliyekuwa naye aliinamisha kichwa akasema "kamwene", salamu ya Kihehe, basi, akatoka nje kuvuta hewa. Mimi mwenyewe siulizi. Sasa kama Kalenga siulizi, kwa nini yule kijana wa Philadelphia nimdai ushahidi kwamba amesimama palepale? Sina jibu zuri. Labda tofauti ni kwamba Mkwawa alikuwepo na Rocky hakuwepo. Labda pia ni kwamba picha yenu imenichefua, na hilo si kosa la ngazi.

Kwa hiyo kichwa cha barua kibaki kama kilivyo, nilikiandika mwanzo na nilikimaanisha, lakini tiketi kama bado ipo nitaichukua. Kwa masharti. Foleni ya sanamu sisimami. Nitapanda asubuhi kabla ya watu, taratibu, magoti si yale, na ngazi 72 si kitu kwa aliyekulia Gangilonga. Nikimaliza nataka nipelekwe soko la Mtaa wa 9, pale muuza matunda alipomrushia Stallone chungwa akiwa anakimbia, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye mchezo, na Stallone akalidaka. Kama mama wa duka, huyo ndiye mtu ninayemheshimu kuliko wote kwenye filamu ile. Chungwa lake limezunguka dunia nzima na sidhani kama kuna aliyelilipia. Viza ikigoma, msinipe hela mbadala, leteni mpiga picha wenu Iringa Jumapili alfajiri, atakuta watu wanapanda jiwe kwa mazoezi, wakiwemo akina mama, na hakuna hata mmoja anayeelewa mambo ya Stallone.

Kaka yuko Makambako siku hizi, anauza vipuri vya malori na tumbo limemtangulia. Nimemsomea barua hii kwa simu kabla ya kuituma. Anasema hakutapika, alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Raba zile hazikuwa na kamba.