Ukipata k mara mbili ya ile ya mwalimu

Kijana wa kidato cha sita ameniandikia: amepima kuvunjika kwa haidrojeni peroksaidi, k yake (namba isiyobadilika inayoonyesha kasi ya mmenyuko) imetoka 0.0347 kwa dakika, majibu ya mwalimu yanasema 0.0173. Sasa anauliza abadilishe namba ipi kwenye jedwali ili zilingane. Hapana, mdogo wangu, jedwali liache lilivyo.

Ametumia pamanganeti kwenye bureti. Mililita zinazotumika zinalingana na peroksaidi iliyobaki, kwa hiyo hakuna haja ya kukokotoa molari. Vipimo vyake: 24.0 mwanzoni, 17.0 dakika ya 10, 12.0 ya 20, 8.5 ya 30, 6.0 ya 40. Kutoka 24 hadi 12 ni dakika 20, kutoka 12 hadi 6 ni 20 tena. Hiyo ndiyo oda ya kwanza, yaani kasi inalingana na kiasi kilichobaki. Ingekuwa oda ya pili, yaani kasi inalingana na mraba wa kiasi kilichobaki, kutoka 12 hadi 6 kungechukua dakika 40, ndiyo maana anayeishia nusu ya kwanza hajathibitisha kitu.

Mteremko wa ln V (logi asilia ya mililita hizo) dhidi ya muda ni −0.0347. Sasa tazama mlinganyo: 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂. Mwalimu akifafanua kasi kwa kugawanya kwa ile 2 ya mbele, mteremko unakuwa −2k, na k ni 0.0173. Nusu-maisha, yaani muda wa kiasi kupungua kwa nusu, ni 0.693 ÷ 2k, dakika 20 zilezile. Aliyekariri 0.693 ÷ k atapata 40 na ataiandika bila aibu, wakati jedwali liko mbele yake! Andika kwanza kasi umeifafanuaje, ndipo uandike k na kizio chake. Ukichora kwa log ya 10, zidisha mteremko kwa 2.303.

Namba zikiyumba, kagua chupa kabla ya kalkuleta. Kila sampuli imimine kwenye asidi ya salfuriki ya kutosha, iliyopozwa kwa barafu, ili kichocheo cha chuma kizimike. Asidi ikipungua, inatokea rangi ya kahawia ya manganizi dioksaidi, nayo huvunja peroksaidi kabla hujaipima, usomaji unashuka. Asidi ya haidrokloriki usiitumie, pamanganeti inashambulia kloraidi na usomaji unapanda. Na kama kichocheo chako ni potasiamu aiodaidi, pamanganeti haifai kabisa, maana aiodaidi nayo itaila. Pima oksijeni kwa sirinji ya gesi, kisha chora ln ya (ujazo wa mwisho − ujazo wa wakati huo), siyo ln ya ujazo wenyewe.