Kabla hujapaka limau usoni

Nilikuwa na madoa mawili tu ya chunusi kwenye shavu la kulia. Nikakamua limau, nikapaka kwa pamba, nikaenda kuanika nguo jua likiwa kali. Kesho yake shavu liliwaka, keshokutwa likatoka malengelenge. Yalipokauka yaliacha baka jeusi lililokaa miezi, kubwa kuliko madoa niliyotaka kuyafuta.

Daktari wa ngozi alinifafanulia kilichotokea. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi huzidi, ni kama 5. Maji ya limau yako kwenye 2 hivi, na kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo nilijipaka kitu chenye asidi mara 1,000 hivi kupita ngozi yangu. Isitoshe, limau na ndimu, hasa maganda yake, vina kemikali inayoamshwa na jua ikaunguza ngozi. Ndiyo maana nasikitika kila nikisikia mtu akiambiwa, “Paka tu, ni ya asili, haina madhara.” Upupu nao ni wa asili.

Dawa ya meno juu ya chunusi iache, inakausha na kuchubua. Kusugua uso kwa sukari pia sikushauri, chembe zake hukwaruza.

Si kwamba vya nyumbani vyote ni vibaya. Asali naitumia mpaka leo: inavuta unyevu na inadhoofisha bakteria. Naiacha dakika kumi na tano, naosha kwa maji ya uvuguvugu. Ngozi inakuwa laini, ila madoa haitoi, na sitakudanganya kwamba inatoa. Mshubiri nao hutuliza, mradi uchuje ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda, maana huo huwasha. Tumia ute mweupe wa ndani peke yake.

Kitu kipya chochote kijaribu kwanza kwenye kiwiko, upande wa ndani, usubiri siku mbili. Mimi sikusubiri hata saa moja. Changanya cha kutosha kutumia mara moja tu, kinachobaki mwaga, kwa sababu hakina kihifadhi na vijidudu huzaliana humo haraka.

Na kama umeshaungua, osha kwa maji mengi, acha kupaka chochote kingine cha kujaribu, funika uso usipigwe na jua. Malengelenge yakitoka, usiyatumbue. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa wiki nzima kwa aibu.