Zawadi kwa shemeji anayepanda mimea ya asili

Dada, umeuliza umpe nini shemeji yako anayepanda mimea ya asili tu bustanini, na kwamba umeshaitamani pakiti ya mbegu za "maua ya porini". Hiyo iache dukani. Pakiti nyingi za namna hiyo huchanganya mbegu za kutoka pande zote za dunia, na huenda ukampelekea gugu lile lile analoling'oa kila wiki. Hata mche usimnunulie kwa kubahatisha. Mwahidi kwenda naye kwenye kitalu cha mimea ya asili, achague mwenyewe, wewe ulipe.

Mimi ningempa vifaa vya mbegu. Watu wa aina yake hupenda kujikusanyia mbegu, kwa hiyo mnunulie bahasha ndogo za karatasi (si nailoni, inafungia unyevu na mbegu zinaota ukungu), chekeche laini, na vibao vyembamba vya alumini vya kuandikia majina. Vibao hivyo unaviandika kwa kukandamiza ncha ya kalamu. Wino ukipauka kwa jua, maandishi bado yanasomeka. Ongeza lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Akishaona vinyweleo vya jani kwa karibu, utamsahau hapo.

Mbolea ya chumvichumvi usiguse. Mimea mingi ya asili imezoea udongo usio na rutuba nyingi. Ukiilisha sana hurefuka ovyo na kulala.

Mfuko ukiruhusu, mkasi mzuri wa kupogolea. Ila chunguza kwanza kama anatumia mkono wa kushoto, maana mashoto wana mkasi wao.