Kubaki na aina moja ya kazi baada ya miaka mingi ya kuchora tatuu

Mkuu, umeuliza kama mchoraji mwenye miaka kumi na tano kwenye sindano, anayechora majina, sura za watu, maua, madragoni na lolote linaloingia mlangoni, aache vyote abaki na kimoja. Mimi nimeshavuka huko. Nilichora kila kitu kwa zaidi ya miaka ishirini, sasa nafanya kazi moja tu: kufunika tatuu za zamani kwa wino mweusi. Waliotangulia kukujibu wamesema uchague unachokipenda. Hapo tunatofautiana, kwa sababu mapenzi ya mchoraji hubadilika na ngozi ya mteja inabaki na kilichochorwa.

Chagua kwa kuangalia kazi zako zilizopona, hasa zenye miaka mitano na kuendelea. Tatuu mbichi zote zinapendeza. Wino hukaa ndani ya ngozi kama milimita moja hadi mbili, umemezwa na seli za kinga. Seli zikifa, nyingine zinakuja kuudaka uleule. Miaka inavyokwenda mistari inanenepa, na jua nalo linakula rangi. Waite wateja wako wa zamani, wapige picha, uzitazame bila kujali zipi zilikuletea sifa. Kwangu, sura za rangi zilikuwa zimepauka mashavuni na herufi ndogo zimeshikana, huijui a wala o. Weusi mzito ulikuwa bado umesimama. Uamuzi wangu ulianzia hapo.

Sasa kwa nini kufunika? Kwa sababu kazi hiyo inadai ujuzi wote uliokusanya. Wateja wengi hudhani wino mpya unalala juu ya ule wa zamani kama rangi ya ukutani. Sivyo: wote unakaa tabaka moja na jicho linaona mchanganyiko, kwa hiyo kuweka njano juu ya nyeusi ni kuitesa ngozi bure. Silaha zako ni weusi, ukubwa na kuvunja umbo la zamani. Mchoro mpya huwa mkubwa mara mbili au tatu ya ule wa zamani, sehemu zake nzito ziangukie penye wino mwingi, na pembeni uache ngozi tupu ili jicho livutwe kule. Mstari uliovimba kwa kovu haufichiki kwa wino wowote. Mwanga ukiupiga ubavuni utaonekana, na mteja aambiwe hilo kabla hajalala kitandani. Mwingine unampeleka kwa leza kwanza, tatuu ya zamani ififishwe kidogo tu, ngozi ipumzike wiki kadhaa ndipo arudi. Kivuli ninachotumia leo nilijifunza kwenye sura za watu, ambazo sichori tena.

Kubana kazi si lazima kuwe kubana michoro. Ed Hardy, mchoraji tatuu wa Marekani, alikwenda Japani mwaka 1973 kujifunza kwa Horihide, bingwa wa tatuu wa huko, na 1974 akafungua studio San Francisco ya miadi tu, kila mteja na mchoro wake, wakati wenzake wengi wakiishi kwa michoro iliyobandikwa ukutani. Alichobana ni namna ya kupokea watu. Charlie Cartwright na Jack Rudy, waliofungua studio East Los Angeles mwaka 1975, walibana mbinu: sindano moja ya mistari myembamba, nyeusi na kijivu. Vinnie Myers wa Maryland, Marekani, akawabana wateja wenyewe, akajikita kuwachorea chuchu wanawake waliotolewa matiti kwa saratani. Jiulize wewe unataka kubana kipi kati ya hivyo.

Mwili nao una kura. Ukipita arobaini macho huanza kugoma kuona vya karibu, na kazi ya sindano moja haisamehi. Mgongo sihitaji kuusemea, unaujua.

Usifunge mlango kwa siku moja. Anza na albamu: toa picha za kazi usizozitaka tena, maana watu huomba wanachokiona. Wanaotaka majina waelekeze kwa mchoraji kijana unayemwamini, si "nenda popote". Aliyeanza mkono mzima kwako mmalizie, hata kama ni wa rangi. Kipato kitashuka kwanza, na kazi za kufunika zina mashauriano marefu kabla ya sindano kuwashwa, kwa hiyo chukua malipo ya awali kabla hujashika penseli. Wapo wanaobeba mchoro wako wakachorwe kwingine.

Kuhusu chupa za rangi ulizouliza uzifanyeje: tazama tarehe za mwisho wa matumizi. Zilizopitwa zitupe. Zenye uhai ambazo hazijafunguliwa mpe mwanagenzi wako, ila bakiza nyekundu kidogo kwa ajili ya huyo wa mkono mzima.