Maswali ya Wasomaji: Duara Jeupe Ndani ya Seli ya Insulini

SWALI: Ndugu Mhariri, picha za hadubini ya elektroni za seli za beta, yaani seli za kongosho zinazotengeneza insulini, huonyesha kila kifuko cha insulini kikiwa na kitone cheusi na duara jeupe kukizunguka. Duara hilo ni nini? Na seli nzima hupigwaje picha, badala ya kipande kimoja?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Kitone ni fuwele ya insulini na zinki. Duara, kwa kiasi kikubwa, ni athari ya maandalizi: dawa ya kuhifadhi tishu hupenya polepole, kisha alkoholi hufyonza maji, na yaliyomo hujitenga na utando wa kifuko. Kisiwa cha Langerhans (kikundi cha seli za kongosho, zikiwemo za beta) kikigandishwa ghafla chini ya shinikizo la takriban baa 2,100, duara hupungua sana.

Shinikizo hilo huzuia fuwele za barafu kukua, lakini kwa sampuli isiyozidi unene wa mikromita 200 hivi. Kwa hiyo chagueni visiwa vidogo, na mjaze kikombe cha sampuli pasibaki kiputo cha hewa, kwani kiputo hubonyea na kuharibu ugandishaji. Mkishapata picha, kagueni kiini cha seli kwanza: kikionekana kama wavu, barafu imeshaingia na sampuli hiyo haifai tena. Baada ya kugandisha, na kabla ya kupiga picha, asetoni yenye osmiamu huchukua nafasi ya maji, kuanzia nyuzi 90 chini ya sifuri, ndipo tishu inapozamishwa kwenye gundi ya epoksi.

Kuhusu seli nzima, kisu cha kawaida hukata nanomita 50 hadi 70. Mikrotubuli, yaani mirija myembamba inayosafirisha vitu ndani ya seli, ina kipenyo cha nanomita 25 tu, hivyo njia yake hupotea kati ya vipande. Boriti ya ayoni za galiamu hukwangua nanomita 4 kila mara, na elektroni hupiga picha kila uso mpya. Kifuko cha nanomita 300 hupata picha kama 75. Seli ya mikromita 10, picha 2,500.

Mwaka 2021, watafiti wa Dresden, Ujerumani, na wa kituo cha utafiti cha Janelia, Marekani, walichora hivyo seli za beta za panya. Mikrotubuli nyingi hazikuungana na sentrosomu (kitovu ambako mikrotubuli huanzia) wala Golji (sehemu inayofungasha protini), jambo linalopingana na michoro mingi ya vitabuni. Kazi nzito ilikuwa kutenganisha viungo vya seli kwenye picha: kompyuta hufundishwa kwa mifano iliyochorwa kwa mkono, na matokeo yake lazima yakaguliwe. Data zao zinatazamwa bure kwenye tovuti ya OpenOrganelle.